Somo la Afya: Mkojo Unaobaki Kibofuni na Upasuaji Wake



Somo la leo linahusu ugonjwa ambao watu huuzungumza kwa sauti ya chini, na wengi hawauzungumzi kabisa. Ni ugonjwa wa mkojo kubaki kibofuni kwa muda mrefu. Huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, lakini tutaona kwamba na wengine huwapata. Tutaeleza unavyoanza, kwa nini mgonjwa huwekewa mpira, upasuaji hufanywaje, na mtu atarajie nini akirudi nyumbani. Vijana, tunawaomba msiruke ukurasa huu mkidhani ni wa wazee peke yao. Mara nyingi mzee hatasema. Ni wewe unayeishi naye utakayeona.

NILIVYOJIFUNZA SOMO HILI

Mimi ni mhamasishaji wa afya. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba katika kijiji chetu hapa kambini. Kuna nyumba moja niliyoipita kwa karibu mwaka mzima. Kila nikifika niliuliza, "Kuna mgonjwa?" Bibi wa nyumba ile alijibu, "Hakuna, mwanangu, tuko salama." Nami niliandika kwenye daftari: hakuna mgonjwa. Kila asubuhi mkeka wa babu ulikuwa umeanikwa juu ya uzio. Niliuona, nikadhani ni usafi tu.

Siku moja mjukuu wao, mtoto wa miaka kama tisa, aliniambia kwamba hataki tena kulala chumba kimoja na babu kwa sababu babu anakojoa kitandani. Bibi alimkaripia. Majirani nao walikuwa na maneno yao. Wengine walisema ni uzee, wengine walisema amerogwa. Babu mwenyewe alikuwa ameacha kwenda kwenye ibada na mikutano ya wazee kwa kuogopa harufu. Alikuwa pia ameacha kunywa maji kuanzia saa kumi jioni.

Niliomba kuzungumza naye, akakataa. Mimi ni mtoto mbele yake, na mambo hayo hayasemwi na mtoto. Nilimwita mhamasishaji mwenzangu, baba mwenye umri mkubwa, wakakaa wawili nyuma ya nyumba. Kesho yake walikwenda pamoja kituo cha afya.

Muuguzi alipomgusa chini ya kitovu aliona tumbo gumu la mviringo, kama la mama mwenye mimba ya miezi mitano. Babu hakuwa na maumivu yoyote. Mpira ulipowekwa ulitoka mkojo uliozidi lita moja na nusu. Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi sote tulidhani babu anakojoa kupita kiasi, kumbe shida yake ilikuwa kwamba mkojo hautoki. Ule uliolowesha mkeka ulikuwa unafurika tu, kama maji yanayomwagika kutoka kwenye ndoo iliyojaa huku bomba bado linatiririka.

KIBOFU KINAVYOFANYA KAZI

Figo zetu mbili huchuja damu usiku na mchana na kutengeneza mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, na kibofu huuhifadhi. Mtu mzima huanza kuhisi haja kibofu kikiwa na mililita 200 hadi 300, yaani karibu chupa moja ndogo ya soda. Akienda kukojoa, msuli wa kibofu hubana, njia hufunguka, na mkojo hutoka karibu wote.

Mwanaume ana tezi dume chini ya kibofu. Tezi hiyo imeuzunguka mrija wa mkojo kama ushanga ulivyozunguka uzi. Kwa kijana uzito wake ni kama gramu 20. Umri unavyosonga, tezi huongezeka. Madaktari wamekuta ukuaji huo kwa karibu nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60, na kwa wale waliovuka miaka 80 ni karibu 9 kati ya 10. Ukuaji huu si kansa, na si kila mwenye tezi kubwa anaugua. Anayeugua ni yule ambaye tezi imembana mrija.

Mrija ukibanwa, kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kwa miaka kadhaa kinaweza kuvumilia. Baadaye msuli huchoka, na kila baada ya kukojoa kiasi fulani hubaki. Leo nusu chupa, mwakani chupa nzima, baadaye lita. Kwa kuwa kibofu kinatanuka polepole, mtu hazihisi dalili za kushiba kwake. Madaktari wengi huuita ugonjwa huu wa muda mrefu pale mkojo unaobaki baada ya kukojoa unapozidi mililita 300 na hali hiyo ikaendelea kwa miezi.

Tusiuchanganye na mkojo kuziba ghafla. Huo huja kwa saa chache, mtu hawezi kutoa hata tone, na maumivu yake ni makali. Aliyezibwa ghafla hupelekwa kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Wa polepole hauumi, na kwa sababu hauumi watu hukaa nao nyumbani.

Hatari kubwa ya ugonjwa huu iko kwenye figo. Kibofu kikijaa daima, mkandamizo hurudi juu kwenye figo. Figo hujaa mkojo na kuvimba, na uwezo wake wa kuchuja damu hupungua. Mgonjwa huanza kuchoka bila sababu, chakula humkinaisha, miguu huvimba, huwashwa mwili, na mwishowe hupumua kwa shida. Katika kijiji cha jirani kulikuwa na mzee aliyepelekwa hospitali akiwa tayari haamki. Kibofu kilitolewa mkojo, lakini figo hazikurudi. Tulimzika wiki ile ile. Familia yake ilisema alikuwa akiamka usiku mara nyingi kwa miaka mitatu, nao waliona ni uzee.

SABABU NYINGINE

Tezi dume ndiyo sababu ya kawaida, lakini ziko nyingine:

1. Kovu ndani ya mrija wa mkojo. Huletwa na kisonono kisichotibiwa, ajali iliyovunja nyonga, au mpira ulioingizwa au kuvutwa vibaya. Hili huwapata hata vijana.

2. Kansa ya tezi dume. Kwa sababu hii daktari hupima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na wakati mwingine huagiza kipimo cha damu. Kipimo cha kidole huchukua muda mfupi. Si aibu wala si dharau kwa mzee.

3. Mawe ndani ya kibofu.

4. Kuharibika kwa mishipa ya fahamu ya kibofu, kwa mfano kwa mwenye kisukari cha miaka mingi au aliyeumia uti wa mgongo kwa risasi au kwa kuanguka.

5. Kwa wanawake: uzazi mgumu, uvimbe mkubwa kwenye kizazi, au kizazi kilichoshuka. Mama aliyejifungua akikaa saa sita bila kukojoa, mkunga aambiwe.

6. Kwa watoto wa kiume: wapo wanaozaliwa na utando unaoziba mrija. Mtoto hukojoa matone tu, au mkojo hauruki. Mama akiona hivyo asingoje mtoto akue, aende kliniki.

7. Baadhi ya dawa. Dawa za mafua na za mzio zinazouzwa madukani zinaweza kumzibia mkojo kabisa mzee ambaye tezi yake imeshakua. Mzee asinunue vidonge vya mafua bila kuuliza.

DALILI ZA KUANGALIA NYUMBANI

Mkojo kutoka dhaifu au kukatikakatika. Kungoja muda mrefu kabla haujaanza. Kusukuma kwa tumbo. Kuhisi kwamba kibofu hakijaisha. Kuamka usiku mara tatu au zaidi. Nguo za ndani kulowa. Mtu mzima ambaye hakuwa akikojoa kitandani kuanza kulowesha kitanda. Tumbo la chini kujaa. Mkojo wenye damu, au homa ya mara kwa mara.

Mtu mwenye dalili hizi asijinyime maji. Kujinyima maji hakufungui njia iliyobanwa, na huzidisha maambukizi.

MPIRA WA MKOJO, AU SONDE

Tiba ya kwanza ni kutoa mkojo uliojaa. Hufanywa kwa mpira mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo. Wengi wetu tuliotoka Kongo tunauita sonde. Ndani ya kibofu mpira hushikiliwa na kipulizo kidogo kilichojazwa maji, ndiyo maana hauanguki. Ni marufuku kuuvuta kwa nguvu. Kipulizo hicho kikipita kwenye mrija kikiwa kimejaa huuchana, na kovu lake linaweza kuziba njia kwa maisha.

Mgonjwa aliyekaa na mkojo mwingi kwa muda mrefu hatakiwi kurudi nyumbani saa ile ile. Figo zilizokuwa zimebanwa zikifunguliwa, huweza kumwaga mkojo mwingi mno, lita nyingi kwa siku, na chumvi za mwili hutoka nao. Kwa hiyo hulazwa, mkojo hupimwa kila saa, na maji hurudishwa kwa kunywa au kwa mshipa. Mkojo unaweza pia kutoka na damu kidogo siku za kwanza. Babu alilazwa siku nne.

Akirudi nyumbani na mpira, familia ifanye hivi:

- Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuushika.
- Osha sehemu za siri kwa maji safi na sabuni kila siku. Asiyetahiriwa arudishe govi mbele baada ya kuosha.
- Mfuko ukae chini ya kiuno daima, usilale sakafuni. Mwagia chooni kabla haujajaa kabisa.
- Kunywa maji ya kutosha.
- Mpira ubadilishwe kituoni kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Wa kawaida hubadilishwa baada ya wiki tatu hadi nne. Wa silikoni unaweza kukaa hadi wiki 12.
- Homa, kutetemeka, maumivu, damu nyingi, au mfuko kukaa mtupu saa kadhaa: nenda kituoni bila kungoja tarehe.

Sasa tusikilizane vizuri hapa. Babu alipopata mpira, mkeka ulikauka. Mjukuu alirudi kulala chumbani. Babu alisema, "Nimepona." Nasi tulifurahi. Lakini mpira unatoa mkojo tu. Uliokuwa umeziba bado umeziba. Mpira ukikaa miezi na miaka, wadudu wa maambukizi hupanda kupitia humo, mawe hujijenga kibofuni, na njia huchubuka. Katika miezi minne babu alipata homa kali mara mbili. Mpira ni daraja la kumvusha mgonjwa hadi kwenye tiba, na daraja si mahali pa kujenga nyumba.

JE, DAWA HAZITOSHI?

Kwa ambaye bado anakojoa na figo zake ni nzima, dawa husaidia. Tamsulosini hulegeza shingo ya kibofu na tezi, na husaidia ndani ya siku chache. Finasteridi huipunguza tezi yenyewe, lakini huhitaji kama miezi sita. Lakini ambaye figo zimeshaathirika kwa sababu ya mkojo kubaki, au ambaye kila mpira ukitolewa mkojo hautoki, kwa kawaida hushauriwa upasuaji.

Kuhusu mizizi na majani: wapo wanaopewa dawa za kuongeza mkojo. Kumwongezea mkojo mtu ambaye njia yake imezibwa ni kumdhuru.

AINA ZA UPASUAJI

Upasuaji huchaguliwa kwa sababu ya ugonjwa, ukubwa wa tezi na vifaa vya hospitali.

Kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo. Tumbo halipasuliwi. Daktari huingiza chombo chembamba chenye taa na waya wa umeme, hukwangua tezi kidogo kidogo kutoka ndani, na maji husafisha damu. Mpira hukaa kwa kawaida siku moja hadi tatu. Huhitaji kifaa maalumu na daktari aliyefundishwa, kwa hiyo haupatikani kila hospitali.

Kutoa tezi kwa kufungua tumbo. Hutumika zaidi tezi ikiwa kubwa, kama inayozidi gramu 80, au mahali ambapo kifaa cha kukwangua hakipo. Daktari hupasua chini ya kitovu, kisha kwa kidole huitoa sehemu iliyokua na kuacha ganda lake, kama mtu anavyotoa chungwa ndani ya ganda. Si upasuaji wa majaribio. Daktari Peter Freyer aliuandika mjini London mwaka 1901, akiufanya kupitia kibofu. Mwaka 1945 Terence Millin akaonyesha njia ya kuitoa tezi bila kufungua kibofu. Hadi leo hospitali nyingi za nchi zetu huutumia. Mpira hukaa kama wiki moja.

Kutibu kovu la mrija. Kovu fupi linaweza kupanuliwa au kukatwa kwa ndani, lakini mara nyingi hurudi. Kovu refu au linalorudi huhitaji kutengeneza mrija upya: sehemu mbovu hukatwa na ncha kuunganishwa, au hutumika kipande cha ngozi laini ya ndani ya shavu la mgonjwa kuupanua mrija.

Mpira wa tumboni. Pale njia ya chini isipopitika, daktari hutoboa tundu dogo juu ya mfupa wa kinena na kupitisha mpira moja kwa moja kibofuni. Kwa wengi ni wa muda wakisubiri upasuaji mkubwa.

Watoto wenye utando hukatwa utando huo kwa chombo kidogo kupitia njia ya mkojo. Utando ukishakatwa mtoto huendelea kufuatiliwa figo kwa miaka mingi.

Wapo pia ambao upasuaji wa tezi hautawasaidia, kwa sababu msuli wa kibofu au mishipa yake ya fahamu imeshindwa. Hao hufundishwa kutoa mkojo wenyewe kwa mpira mwembamba safi, kwa kawaida mara nne hadi sita kwa siku, kisha wanautoa. Wengi huishi vizuri kwa njia hiyo kuliko kwa mpira wa kudumu.

HOFU ZA BABU NA MAJIBU YAKE

Rufaa ilipoandikwa, babu alikataa. Tulikwenda kwake mara tatu. Hofu zake ni za wengi, kwa hiyo tunaziandika hapa.

"Watanihasi." Hapana. Korodani haziguswi. Kwa wengi nguvu za kiume hubaki kama zilivyokuwa kabla ya upasuaji, na wachache hupungukiwa. Kinachobadilika kwa wengi ni kwamba mbegu hazitoki mbele, huingia kibofuni na kutoka baadaye na mkojo. Hazina madhara huko, ila kupata mtoto huwa vigumu. Mwenye nia ya kuzaa bado amweleze daktari kabla. Ni haki yako kuuliza jambo hili, na mke wako awepo kama unapenda.

"Nitalala na sitaamka." Mara nyingi hutumika sindano ya ganzi ya mgongoni. Sehemu ya chini hufa ganzi, nawe unabaki macho. Kila upasuaji una hatari zake: kuvuja damu, maambukizi, mkojo kuvuja kwa muda, na baadaye kovu kwa baadhi. Daktari atazieleza. Lakini na kukaa bila tiba kuna hatari yake.

"Damu itatoka wapi?" Hospitali hupima kundi la damu na kuandaa akiba. Ndugu wakiombwa kuchangia, waende mapema. Vijana wawili wa kijiji chetu walichangia kwa ajili ya babu, na kazi zao hazikusimama.

"Mgao wangu utapotea." Hofu hii tuliidharau mwanzoni, kumbe ndiyo iliyomzuia zaidi. Mgonjwa na msindikizaji wake wakilazwa siku ya mgao, nyumba hubaki na njaa. Kabla ya kusafiri mwambie kiongozi wa kijiji na ofisi inayohusika na mgao, mpange nani atachukua kwa niaba yenu. Usiondoke kimya kimya.

Aliyemgeuza mwishowe si sisi. Ni bibi. Alimwambia mbele yetu, "Mzee, tulivuka ziwa usiku na watoto watano, hukuogopa. Sasa unaogopa kitanda cha hospitali?" Babu alinyamaza, kisha akaomba kofia yake.

MAANDALIZI NA BAADAYE

Rufaa isiyo ya dharura huanzia kwa daktari wa kituo, na huweza kupitia kamati ya rufaa kabla ya kupangiwa tarehe na gari. Kungoja kunaweza kuwa kwa wiki au miezi. Ukikaa sana bila habari, ulizia. Usikae nyumbani ukidhani umesahauliwa.

Kabla ya upasuaji hupimwa damu, kazi ya figo kwa kipimo cha kreatinini, mkojo, na picha ya ultrasaundi, ambayo wengine tunaiita ekografi. Maambukizi hutibiwa kwanza, na figo hupewa muda wa kupumzika huku mpira ukiwepo. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda, na dawa za kienyeji pia. Usile usiku ule kama utakavyoelekezwa. Beba kadi, vipimo vya zamani, sabuni, shuka na nguo pana.

Baada ya upasuaji mkojo utakuwa mwekundu, kisha wa rangi ya waridi, kisha wa kawaida. Maji ya kusafishia kibofu yanaweza kupitishwa kwenye mpira siku za kwanza. Mpira ukitolewa, wengi huhisi kuungua na haja ya haraka, na wengine huvuja kwa wiki kadhaa. Hali hii hupungua kwa wengi. Nyama iliyotolewa ipelekwe kupimwa kama haina kansa, na majibu yafuatiliwe.

Kwa wiki sita usibebe dumu la lita 20, usilime, usipande baiskeli. Subiri wiki nne hadi sita kabla ya tendo la ndoa. Kunywa maji, kula mboga na matunda ili choo kisiwe kigumu, kwa sababu kusukuma huleta damu. Damu kidogo inaweza kurudi ndani ya wiki hizo. Kunywa maji na kupumzika. Lakini rudi hospitali mara moja ukiona mabonge ya damu, mkojo umezuia, homa, kidonda kinatoa usaha, au mguu mmoja umevimba na kuuma.

BABU SASA

Babu alifanyiwa upasuaji wa kufungua tumbo. Mpira ulitolewa siku ya saba. Kwa karibu mwezi alivaa kitambaa kwa ajili ya matone, na alikasirika sana, akisema tumemdanganya. Kisha matone yakaisha. Figo zake zimepata nafuu lakini hazikurudi zote, kwa hiyo anaendelea kupimwa na amekatazwa kunywa ovyo dawa za maumivu. Usiku huamka mara moja. Amerudi kwenye mikutano ya wazee, na hukaa mbele.

Nami nimebadili swali langu. Siulizi tena, "Kuna mgonjwa?" Nauliza, "Ni nani nyumba hii anaamka usiku zaidi ya mara mbili? Nani mkojo wake hautoki vizuri? Mkeka wa nani huanikwa kila siku?" Tangu hapo, katika kijiji chetu kimoja, wazee watatu wamekwenda kupimwa. Mmoja alikuwa na kisukari tu, na sasa anatibiwa.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Kwa nini mtu ambaye mkojo hautoki anaweza kulowesha kitanda?
2. Kwa nini kutokuwa na maumivu si dalili ya usalama?
3. Mpira wa mkojo unasaidia nini, na hausaidii nini?
4. Kama baba au babu yako ana dalili hizi, ni nani katika familia anayeweza kuzungumza naye kwa heshima?

Mwenye swali amwone mhamasishaji wa kijiji chake au afike kituo cha afya. Ukitaka kuzungumza na mwanaume, au na mwanamke, sema hivyo. Utapewa.

Tunawatakia afya njema.